Migongo Kwenye Ukuta wa Bi Mwanakombo

Siku wanaume walipoingia uani kwa Bi Mwanakombo, waliokuwepo ni hawa. Juani, mbele ya ukuta wa jikoni, walisimama Mzee Bakari, mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Mwalimu Mhina, katibu wake. Sista Grace, muuguzi wa zahanati hiyo, binti wa Kisambaa kutoka milimani. Na baba yangu mdogo, Hoza, aliyefika asubuhi ile kutoka Maramba kuja kuwachukua wadogo zangu. Vyumbani, nyuma ya mapazia, walikuwemo Bi Mwanakombo mwenye nyumba, Bi Zaina mke wa Mzee Bakari, Mama Rajabu muuza mbaazi, na majirani wengine ambao siku hiyo hakuna hata mmoja aliyekuwa na kazi kwake. Wadogo zangu, Salama na Tatu, walikaa kwenye kizingiti cha chumba chetu wamevaa nguo za safari. Na mimi, Hadija, nilikuwa katikati ya ua nimeshika brashi kavu, maana sikujua mikono niiweke wapi.

Nawataja wote kwa sababu tumebaki wachache. Mwezi uliopita tulimzika Bi Mwanakombo, na siku ya hitma yake nilikaa uani pale pale, kwenye mkeka, sinia la pilau mbele yangu, nikiutazama ukuta ule wa jikoni. Paa la jiko limeukinga na mvua miaka yote hii. Wanawake niliowachora bado wamekaa kwenye safu yao, migongo kwetu, kanga zimepauka lakini kila moja inajulikana ni ya nani. Tatu, ambaye sasa ni mama wa watoto wakubwa, alinigusa kiwiko akaniuliza kama nakumbuka siku ile alivyokuwa amefungiwa nguo zake kwenye kanga. Nikamwambia nakumbuka hata rangi ya kanga. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa tangu mazishini: nitaupiga chokaa lini? Nikamwambia ale kwanza.

Habari za wazazi wangu sitazieleza hapa. Inatosha kujua kwamba tulibaki watatu, mimi mkubwa, na kwamba baada ya matanga ndugu walikaa ukumbini wakatugawa. Hawakutugawa kwa ubaya. Nilikuwa nyuma ya mlango nachambua mchele, nikawasikia wakizungumza taratibu, kila mmoja akijitahidi asionekane anachagua. Salama angekwenda Muheza kwa shangazi, akamsaidie kupanga machungwa yake ya biashara. Tatu angekwenda Maramba kwa baba mdogo. Mimi ningetafutiwa mume. Nilipomaliza mchele niliingia, nikapiga magoti, nikasema, "Baba, nipeni mwaka mmoja nikae nao. Nikishindwa nitawakabidhi mwenyewe." Baba mdogo akaniuliza nitawalisha nini. Nikamwambia nachora. Shangazi akacheka, akajifuta machozi yale yale aliyokuwa akimlilia kaka yake, akasema, "Dija, ushaona mtu kashiba picha?" Lakini baba mdogo hakucheka. Alisema yuko karibu kupanda mihogo, na mihogo hiyo ikikomaa atakuja. Huo ndio ukawa muda wangu. Mpaka leo nikiona shamba la mihogo nalitazama kama mtu anavyotazama saa.

Nilikuwa nimeacha shule kabla ya mtihani wa darasa la saba na kuanza kuandika vibao vya maduka hapo Ngamiani. Kinyozi, maji baridi, mafuta ya taa, fundi redio. Kichwa cha kinyozi nilikichora mara nyingi kiasi kwamba vijana wa mtaa walikuwa wakija kunyoa wanasema nataka kile cha Dija. Lakini kibao ni kazi ya leo. Ukishakimaliza mwenye duka hana haja nawe mpaka mvua imharibie. Nilichohitaji ni ukuta mkubwa wa umma, ukuta ambao watu wangepita mbele yake kila siku wakauliza kauchora nani, na jibu likaniletea ukuta mwingine. Kwa hiyo nilianza kupeleka mapendekezo. Nilichora kila wazo langu kwenye karatasi ya manila, nikaiviringisha ndani ya kanga isipate jasho la mikono, nikaenda kuwasubiri wakubwa kwenye benchi zao.

Ngamiani ya wakati ule ilikuwa na kamati nyingi, na kila kamati ilikuwa na Mwalimu Mhina. Alikuwa mtu msafi, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, mpole hata anapokukata maini. Ukuta wa kwanza nilioomba ulikuwa wa shule ya msingi. Nilikuwa nimechora mnazi mrefu, mkwezi yuko juu anaangusha nazi, na kila nazi ina herufi. Mwalimu aliitazama karatasi kwa muda, akasifu mistari, kisha akaniuliza cheti changu cha shule kiko wapi. Nikamweleza. Akaikunja karatasi vizuri, kuliko nilivyoikunja mimi, akanirudishia. "Binti yangu," alisema, "shule haiwezi kupambwa na mtu aliyeikimbia."

Nilirudi nyumbani mchana. Bi Mwanakombo alikuwa uani amekalia mbuzi, anakuna nazi, machicha yakidondoka kwenye sinia. Yeye alitupangisha chumba tangu wazazi wako hai, na baada ya hapo aliendelea kutupangisha bila kubadilisha sauti yake. Alikuwa mwembamba, mkavu, msusi wa ukili wa mikeka; hata akizungumza nawe vidole vilikuwa vinasuka. Aliniuliza wamesemaje. Nikamwambia wamekataa. Akaniuliza wamekataa nini, mimi au mchoro. Nilifikiri kidogo nikasema vyote viwili, lakini wameanza na mimi. Akaendelea kukuna. Kisha akanyoosha kifuu kuelekea ukuta wa jikoni, ule mrefu unaotazamana na vyumba.

"Sasa huo mchoro leo unalala wapi?" akasema. "Mtu akinyimwa chumba kwa watu, hurudi kwao. Uweke pale."

Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi ambayo sijaiacha mpaka leo. Rangi ya dukani sikuwa nayo. Niliroweka chokaa na chumvi kidogo ili ishike, nikaitia buluu ya kufulia nikapata bahari na mbingu. Weusi niliupata kwenye masizi ya masufuria. Wekundu ulitoka Maramba: baba mdogo alikuwa akituletea mihogo ya shamba lake la mwaka uliotangulia ikiwa bado na udongo wake, udongo mwekundu kama damu ya samaki, nami niliukwangua kwenye maganda kabla ya kumenya, nikauchuja, nikausaga. Usiku huo tulikula bada, ugali wa muhogo, kwa ng'onda wa kukaushwa, na asubuhi yake mkwezi wangu alikuwa juu ya mnazi wake ukutani, mkubwa kuliko mtu mzima.

Hakukaa wiki. Kwetu mkwezi kabla hajapanda hupiga ukelele, ili wanawake waliomo kwenye nyua za jirani wajisitiri, kwa sababu akiwa kule juu anaona kila kitu. Mama Rajabu, aliyekuwa akija kila alfajiri kuchemshia mbaazi zake kwenye jiko letu, alinilalamikia kwamba mkwezi huyu hakupiga ukelele. Wenzake wakadakia. Mmoja akasema tangu kijana huyo aje hajaoga kwa raha. Mwingine akamtundikia kanga usoni kila akienda bafuni. Walikuwa wanacheka, lakini kanga ile ilikuwa inatundikwa kweli. Nikachukua brashi nikampiga chokaa. Wakati namfuta, Bi Mwanakombo akaniambia nisikasirike. Wale wa shule walikataa bila kuitazama picha, hawa wameitazama mpaka imewachosha. Nilishika maneno hayo. Ndiyo ikawa kanuni ya ua ule: mchoro uliokataliwa nje unapata ukuta wa jikoni, unakaa na watu, wanapika mbele yake, wanagombana mbele yake, na siku ukiwachosha unapigwa chokaa, kuupisha unaofuata.

Unaofuata ulikuwa wa stendi ya mabasi. Nilichora machungwa ya Muheza, mlima mzima wa machungwa, na wanawake wanaoyauza wakiwa wamesimama ndani yake mpaka kiunoni. Kamati ya stendi ilitaka twiga na mlima wenye theluji. Mwalimu Mhina, ambaye alikuwemo, alinieleza kwa upole kwamba abiria akishuka ni lazima aione Tanzania. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba abiria huyo ameshuka Tanga. Akasema Tanga ataiona akitembea. Nilirudi na machungwa yangu, nayo yakakaa ukutani kwa muda mrefu na kuwafurahisha wote, ila kila aliyekula chungwa halisi mbele yake alisema halina utamu wa lile la ukutani, na mimi nikaona kwamba picha inayokufanya ununie chakula chako ina kasoro. Baadaye, kwa ukaidi, nikachora na twiga, nione kama ninaweza kuishi naye. Kichwa chake kilifika karibu na paa. Siku ya pili Salama aliuliza huyu hapa uani anakula nini. Bi Mwanakombo akajibu, kanga za watu, na kweli kanga zilizoanikwa zilikuwa zinaning'inia usawa wa mdomo wake. Hakuna mwanamke aliyeweza kupika siku hiyo bila kucheka. Twiga akaenda kwa chokaa.

Mchoro wa tatu ulikataliwa kwenye madrasa, na huo ndio ulioniuma, kwa sababu aliyenikataa nilimpenda. Maalim alikuwa mzee wa sauti nyembamba aliyenifundisha alifu na be nikiwa mdogo. Nilimpelekea ndege wanaobeba majani ya mkindu. Alinikaribisha chai ya rangi, akaniambia viumbe wenye macho hapana, mwanangu, nitengenezee maua. Na hata hayo maua tungoje mpaka paa liezekwe. Paa lile liliezekwa nikiwa nimeshafikisha umri wake. Nilitembea kurudi nyumbani kwa njia ndefu. Mihogo ya Maramba ilikuwa inazidi kukomaa. Shangazi alikuwa ametuma salamu kwamba kitanda cha Salama kiko tayari, na alikuwa ametuma pia machungwa, ambayo nilishindwa kuyala. Siku hiyo Bi Mwanakombo hakuniuliza kitu. Alinipa ndoo, akanituma niroweke chokaa. Nilikoroga mpaka mikono ikauma, nikaupiga ukuta mzima, mweupe pe, bila kuweka wale ndege. Nilijiambia kwamba kama kesho nitafunga safari ya Maramba, angalau nitawaachia wenyeji ukuta safi.

Nikaingia ukumbini kunawa, na nilipogeuka kutoka, nikawaona. Jua lilikuwa limehama, na wanawake wamehamisha mkeka kufuata kivuli. Walikaa safu moja, wametazama ukuta ule mweupe kana kwamba nao wanasubiri, na kwa sababu nilikuwa nyuma yao, niliiona migongo tu. Mgongo mpana wa Mama Rajabu, umebana kanga yenye korosho kubwa. Mgongo wa Bi Mwanakombo, mifupa yake ikihesabika, ukitikisika kidogo kwa sababu alikuwa anasuka. Mgongo wa Bi Zaina, mke wa Mzee Bakari, mwanamke mkimya aliyekuja kila alasiri kukunia nazi kwetu kwa sababu alisema uani kwake hakuna wa kuzungumza naye. Nilisimama mlangoni na kanga yangu ikidondosha maji. Mkwezi alichungulia. Ndege walikuwa na macho. Twiga alitazama juu ya kuta za watu. Hapa palikuwa na watu niliowajua kuliko viganja vyangu, na hakuna jicho hata moja.

Niliichora migongo ile kwenye manila usiku ule nikaipeleka zahanati, kwa sababu nilikuwa nimesikia wanataka kuupamba ukuta wa nje, upande wa benchi la wagonjwa. Mzee Bakari aliitazama karatasi haraka, akiwa na haraka ya swala. Mwalimu Mhina aliitazama kwa kirefu. Alisema zahanati ni mahali pa matumaini, na hawa wamegeuza migongo. Mgonjwa akifika atadhani amenuniwa. Akaikunja vizuri, kama kawaida yake. Safari hii sikuteremka ngazi kwa unyonge. Nilikuwa naharakisha, kwa sababu nilijua ukuta wa kuiweka ninao, tena mweupe, tena wote.

Wale wanawake walipojiona, kulitokea jambo ambalo sikulitegemea. Hakuna mwanamke aliyewahi kuuona mgongo wake. Ilibidi waulizane. Mama Rajabu alimsimamisha mwenzake mbele ya ukuta akamtaka amwambie ukweli. "Mie nna mgongo mpana hivi?" akauliza. "Mpana zaidi," akajibiwa, "Dija kaupunguza kwa adabu." Mchana kutwa wakawa wanapitana, huyu anamgeuza huyu, wanapima. Bi Zaina alifika alasiri na nazi zake. Alisimama mbele ya mgongo wake muda mrefu kuliko wote, kanga ile ile ikiwa mwilini, ya manjano yenye pindo jeusi. Kisha akaniambia kitu kimoja tu, kwa sauti ndogo. "Bega hilo la kushoto lishushe." Nikalishusha. Akatikisa kichwa, akataka nilishushe tena. Nikalishusha mpaka akanyamaza, akaenda kukaa kwenye mbuzi.

Wiki zikapita na hakuna aliyechoka. Walipika mbele ya migongo ile, wakagombana, wakapatana, wakaozeshana watoto. Ndipo Sista Grace alipokuja kumfunga Bi Mwanakombo kidonda cha mguu. Alikaa kwenye kigoda, akafunga bandeji, akainua kichwa, na bandeji ikamtoka mkononi ikabingirika mpaka jikoni. Alitaka kujua ni nani kafanya vile. Nilipomwambia kwamba kamati yake imekwisha ikataa, alisema neno kwa Kisambaa ambalo hakulitafsiri. Siku iliyofuata aliwaambia wakubwa wake kwamba walichokikataa ni karatasi. Waende wakauone ukuta. Mwalimu Mhina alisema yuko tayari. Lakini ukuta ulikuwa uani, na uani kwa Bi Mwanakombo hakuwahi kuingia mwanaume asiye wa nyumba, isipokuwa wachimba kisima na wabeba jeneza.

Nilikwenda kumwambia kama vile namweleza jambo lililokwisha shindikana. Sikumwomba. Alisuka ukili wake mpaka mwisho wa pindo, akakata kwa meno, akasema waje asubuhi, kabla ya kuinjika sufuria. Wanawake wataingia vyumbani, mapazia yatashushwa, na wao wakohoe kuanzia barazani. Asubuhi hiyo hiyo, kabla hawajafika, mlangoni palisimama baba mdogo na gunia la mihogo. Ilikuwa imekomaa. Alipoona nimejitanda vizuri na ua umefagiwa, alidhani ni kwa ajili yake. Nilimpa shikamoo, nikamweleza. Akasema atangoja, lakini basi la Maramba halingoji. Nikawavalisha wadogo zangu nguo za safari mwenyewe, Salama wa Muheza na Tatu wa Maramba, kwa sababu nilikuwa nimeahidi hivyo.

Wakaja wakikohoa. Viatu waliviacha ukumbini. Mwalimu Mhina alianza mara moja. Alisema picha ni kubwa, rangi zimetulia, lakini hoja yake iko pale pale, na akapendekeza kwamba labda mmoja wao, huyu wa katikati, angegeuzwa akapewa uso wa tabasamu. Sista Grace akamwomba aangalie kwanza. Mzee Bakari hakuwasikiliza. Alikuwa ametembea peke yake mpaka mwisho wa safu, amesimama karibu sana, kama mtu asomaye maandishi madogo. Aliutazama ule mgongo wenye kanga ya manjano. Akasogea kando, akautazama tena. 

"Hadija," alisema. "Kanga hii niliinunua mimi. Idi."

Nilihamishia brashi mkono wa pili.

"Umemchora mke wangu, ukataka umpeleke barabarani."

Nilimwona baba mdogo akiinamisha macho, na mkono wake ukielekea kwenye mzigo wa Tatu. Nikasema, "Nimechora mgongo, mzee. Uso wake sikuugusa." Lakini nilijua kwamba mtu huyu akitoka pale na hasira, hakutakuwa na kamati nyingine Ngamiani yote itakayonipa hata mlango.

"Mgongo wa nani?" akauliza, si kwangu, bali kwa ua mzima.

Pazia la chumba cha kati likatikisika. Bi Zaina hakutokeza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayejibu kuhusu chumvi.

"Ni wangu, Bakari. Bega hilo yeye alilinyoosha kwa heshima. Mimi ndiye niliyemwambia alishushe, kwa sababu ndivyo lilivyo."

Mzee Bakari aligeukia pazia, halafu ukuta, halafu pazia tena. Nilikuwa nangoja angurume. Alichofanya ni kunyoosha kidole karibu na lile bega bila kuligusa, akafuata ule mteremko wake.

"Linakuuma?"

"Tangu masika."

"Hukusema."

"Hukuuliza."

Katika chumba cha pembeni mtu alicheka, akazibwa mdomo. Sista Grace, ambaye hakuwa na muda wa kupoteza maishani mwake, alisema kwa sauti ya kazi kwamba Bi Zaina alete bega lake zahanati Jumatatu, na asibebe kitu kizito. Mzee Bakari aliendelea kusimama. Nadhani alikuwa anatazama wengine sasa, mmoja mmoja, akijiuliza ni nani. Mwishowe akamwambia Mwalimu Mhina aandike kwamba kamati imekubali. Mwalimu akauliza, na suala la uso? Mzee akamjibu kwamba yeye amekaa na uso miaka yote na haukumwambia kitu.

Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa ameliacha fungu la nguo la Tatu na kwenda ukutani. Alikwangua kidogo kwa ukucha kwenye pindo jekundu la kanga ya Mama Rajabu, akanusa, akanigeukia.

"Huu udongo ni wa shambani kwangu."

"Ulikuja na mihogo, baba."

Akacheka, kicheko cha kwanza nilichomsikia tangu msiba. Akalisogeza gunia lake mpaka mlangoni mwa jiko, akawaambia Salama na Tatu wakavue nguo hizo zisichafuke, na akakimbilia basi lake peke yake. Tangu siku ile hakuna aliyetugawa tena. Ukuta wa zahanati ulinipa kazi ya mwezi mzima, ukanizalia wa soko, wa soko ukanizalia mwingine, mpaka nikafika kuchora katika miji ambayo sikujua njia yake. Mwalimu Mhina mwenyewe, alipokaribia kustaafu, aliniita nikachore shule yake, na hakuuliza cheti. Nilimchorea mkwezi, safari hii mdomo wake uko wazi, anapiga ukelele.

Vijana wanaochora siku hizi huja kuniuliza nawezaje kustahimili kukataliwa. Nimekataliwa sana, na bado nakataliwa. Mwaka huu peke yake ofisi moja ya mjini imeniandikia kwamba wazo langu ni zuri na wamempa mwingine. Huwa siwapi maneno ya kuwatia moyo. Nawauliza wana ukuta gani nyumbani. Sijapata kurudi na mchoro usio na pa kulala, na kwa sababu hiyo sijapata kuamini kwamba mtu aliye mezani ndiye mwenye neno la mwisho juu yake. Neno la mwisho wanalo watu watakaopika chakula mbele yake.

Lakini ua ule haukufunguliwa bure. Alasiri ya siku ile, wanaume wamekwenda, mapazia yamepandishwa na sufuria iko motoni, Bi Mwanakombo aliniita nikae karibu. Alisema amewaingiza wanaume uani kwake kwa ajili yangu, na hilo si jambo dogo, na nitamlipa. Nikamwambia aseme chochote. Akasema siku atakapoondoka duniani, ukuta ule niupige chokaa. Mimi mwenyewe, nisimpe fundi. Nilishangaa, nikamwambia ndio mchoro bora nilioufanya. Akaniambia anajua.

"Leo Bakari kauliza, na Zaina alikuwepo akamjibu," alisema. "Siku tukiwa hatupo, watakuja watu kututazama migongo, wataulizana wao kwa wao, na hapana atakayewajibu kutoka chumbani. Sitaki. Utuache tuingie ndani."

Nilimpa mkono wangu. Bi Zaina alitangulia, kisha Mama Rajabu, kisha wengine, na kila alipoondoka mmoja Bi Mwanakombo aliniambia bado. Zahanati ilivunjwa ikajengwa kubwa zaidi, na ukuta wake ulikwenda na kifusi. Ukuta wa uani ndio pekee uliobaki wa mwaka ule. Juzi kijana mmoja wa ofisi ya utamaduni alikuja na simu yake, mpole, shati jeupe, akasema wanapendekeza nyumba ihifadhiwe, wageni wawe wanaletwa kuiona. Nimekaa upande ule wa benchi, wa anayengoja jibu, maisha yangu yote, na sikujua kwamba upande huu, wa anayelitoa, nao una uzito. Nikamkaribisha chai. Nikamwambia hapana.

Jana nilikwenda na ndoo. Mjukuu wa Bi Mwanakombo alinifungulia akaniacha peke yangu. Nilipiga chokaa pembe zote, juu ya vichwa, chini ya mkeka, mpaka ukuta ukawa mweupe kila mahali isipokuwa pale walipokaa. Nilifika kwenye bega la Bi Zaina, lile la kushoto, nikasimama na brashi ikidondosha miguuni. Kisha nikaifunika ndoo kwa sinia, nikaisogeza kivulini. Chokaa iliyorowekwa haiozi. Inakaa chini ya maji yake, inalainika, inakungoja.